Sufuria ya Serikali

Baba yangu alitumikia Polisi kwa miaka 28, akastaafu akiwa sajini, na hadi leo hakubali neno lolote lisilo na ushahidi. Siku nilipomweleza kazi yangu mpya alinisikiliza mpaka mwisho, akaelekeza fimbo yake kwenye shamba lake la miwa, kisha akaniuliza: “Mwanangu, maji yanayoingia shambani mimi huyaona. Mvua ikinyesha naiona. Mashine ikivuta maji kijitoni naisikia. Hayo yanayotoka, wewe umeyaona wapi?”

Sikuwa na jibu la papo hapo. Ndugu wasomaji, makala hii ndiyo jibu langu, na ndani yake mna kosa langu mwenyewe ambalo ingekuwa rahisi zaidi kulinyamazia.

Nilizaliwa katika nyumba za askari mjini Jinja, na Kiswahili nilikipata humo humo kambini, kama wengi wenu mlivyokipata na kama watoto wenu wanavyokipata sasa. Nilisomea ualimu wa shule za msingi, nikapewa cheti, nikafundisha hesabu miaka minne, kisha nikaingia katika utumishi wa serikali nikiwa mwangalizi wa hali ya hewa katika kituo kidogo kilichozungukwa na miwa ya Busoga. Jina la ualimu halikunitoka. Wazee wa pale huniita Mwalimu wa Mvua, ingawa mvua ndiyo iliyo rahisi kuliko vyote ninavyopima.

Ndani ya seng'enge ya kituo chetu kuna sanduku jeupe lenye mbao za kupishana, ambalo hukaa vipimajoto kivulini. Lilibuniwa na mhandisi wa Uskoti, Thomas Stevenson, babaye yule mwandishi wa hadithi Robert Louis Stevenson. Kuna tufe la kioo linalokusanya miale ya jua na kuunguza ukanda wa karatasi ngumu. Jua likiwaka alama huungua, wingu likipita alama hukatika, na jioni mtu huhesabu saa za jua kama anayesoma mstari wa kitabu. Kuna vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, na chini yake kihesabio kinachojumlisha kilomita zilizopita, kisichosahau hata moja. Na juu ya jukwaa fupi la mbao kuna beseni la bati lenye kipenyo cha sentimita 121 na kina cha sentimita 25, lililojazwa maji na kufunikwa wavu ili ndege wasinywe. Majirani huliita sufuria ya serikali. Mama mmoja aliwahi kuniuliza serikali inampikia nani kwa sufuria kubwa namna ile na bila moto.

Kila siku saa tatu ya asubuhi husoma maji yamepungua milimita ngapi tangu jana saa kama hiyo, nikizingatia mvua kama ilinyesha, na kuandika katika daftari. Basi. Kazi hiyo haizidi dakika kumi, na mtu asiyeijua angedhani mshahara wangu ni wa bure.

Akina mama wasomaji wa kurasa hizi wanaijua elimu yangu kuliko wanavyodhani. Ukianika shuka, ni mambo gani unayoyatazama? Unatazama kama jua linawaka au limefichwa na wingu. Unahisi joto la hewa. Unajua kama hewa ni kavu, au kama ni nzito yenye unyevu, mfano wa ile ya asubuhi baada ya mvua ya usiku, ambayo nguo hushinda kambani zisikauke. Na unaomba upepo. Shamba la miwa ni shuka lililoanikwa juu ya ekari nzima, ila shuka hili hufyonza maji kutoka chini kwa mizizi na kuyatoa juu kwa majani, wala halikauki mpaka ardhi iishiwe.

Mwaka 1948 Howard Penman, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, aliyafunga mambo hayo manne, yaani jua, joto, ukavu wa hewa na upepo, katika hesabu moja. Mwaka 1965 mwenzake John Monteith aliongeza jambo la tano, ambalo ni mmea wenyewe, kwa kuwa majani yana vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na mmea huvifunga unapoona kiu. Mwaka huo huo wa 1965, hapa kwetu Afrika Mashariki, J. S. G. McCulloch wa Muguga, Kenya, alichapisha majedwali ya kuharakisha hesabu ya Penman, naye akauingiza ndani yake mwinuko wa nchi, kwa kuwa nyanda zetu ziko juu sana kuliko mashamba ya Uingereza. Nakala ya majedwali hayo, kurasa zikiwa zimegeuka rangi ya chai, imo katika kabati la kituo chetu. Siku hizi simu ya mkononi hufanya hesabu hiyo kabla hujameza mate. Lakini mimi niliyefundisha hesabu kwa chaki bado napenda kupita kwa kidole safu kwa safu.

Jua ndilo mlipaji mkuu. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke huhitaji joto la megajuli 2.45 hivi, yaani karibu mara saba ya joto la kuichemsha lita hiyo hiyo kutoka ubaridi wake wa kawaida. Mama aliyesahau birika jikoni mpaka likakauka anajua ni mkaa kiasi gani uliopotea. Shamba hufanya kazi hiyo kila siku kimya kimya, na gharama hulipwa na jua, huku upepo mkavu ukichangia.

Sasa nirudi kwa Baba na swali lake. Nilimketisha chini ya mwembe nikamfanyia hesabu mchangani kwa kijiti. Beseni la bati hupata joto hata ubavuni, kwa hiyo hupoteza maji kuliko uwanja wa nyasi fupi. Aghalabu twazidisha kipimo chake kwa 0.7 ili kupata kiasi cha nyasi. Kisha twageukia muwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa namba zake mwaka 1998: muwa ukiwa mchanga na ardhi bado wazi, zidisha kwa 0.40, ukishafunga shamba kwa majani, zidisha kwa 1.25, ukikomaa tayari kwa panga, 0.75. Muwa uliofunga shamba huzidi nyasi kwa sababu ni mrefu, majani yake ni mengi, na upepo ukipita juu yake hukwaruza na kuchukua.

“Tuseme sufuria imepungua milimita 6,” nikamwambia. “Mara 0.7 ni 4.2. Mara 1.25 ni 5.25. Milimita moja juu ya ekari moja ni lita 4,000 na ushei. Shamba lako, Baba, limetoa lita 21,000 jana. Ni mapipa 100 na zaidi, yale ya lita 200.”

Akanyamaza. Kisha akasema, “Mapipa mia kwa siku, na hakuna hata alama ya unyayo.”

Tangu hapo aliichukua habari hiyo kama kesi ya wizi, na kila Jumapili alitaka taarifa.

Nilimweleza pia, maana alikuwa amekwisha kushika hamu, kwamba namba ile ya 1.25 haikuaminiwa kwa sababu tu imechapishwa. Huko Simunye, katika nchi iliyoitwa Swaziland ambayo tangu 2018 huitwa Eswatini, na huko Kalamia, Australia, wataalamu walisimamisha vyombo juu ya miwa vya kupima joto na unyevu wa hewa katika vimo viwili tofauti. Njia hiyo hutegemea wazo la Mmarekani Ira Bowen la mwaka 1926: ukijua hewa inayopanda kutoka shambani imebeba joto kiasi gani na mvuke kiasi gani, waweza kuligawa joto lililoletwa na jua katika mafungu mawili, na fungu la mvuke ndilo maji yaliyokwenda. Muwa hukua mpaka kupita kimo cha watu wawili, kwa hiyo vyombo lazima vipandishwe nao kadiri unavyorefuka. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003, na yalikubaliana na zile 0.40 na 1.25. Siku hizi kuna hata vyombo vinavyopima upepo unapanda au unashuka mara kumi au ishirini kwa kila sekunde, pamoja na mvuke uliomo. Sisi hatuna. Tuna sufuria.

Jinja hupata mvua ya kama milimita 1,300 kwa mwaka, na muwa hutaka kati ya 1,500 na 2,500. Ndiyo maana kiangazi cha Desemba hadi Februari huwauma sana wenye miwa, na ndiyo maana Baba, wazee wawili waliostaafu jeshini, na mama mmoja, mjane wa askari, waliungana kwa viinua mgongo vyao wakanunua mashine moja ya kuvuta maji, na mabomba ya kunyunyizia. Kila mmoja ana ekari moja. Dizeli ni ghali. Kuwasha mashine bila sababu ni kumwaga fedha, na kuchelewa kuiwasha ni kuua miwa. Wakaniomba niwawekee daftari la deni, kama lile la duka. Kila siku maji yanayotoka huongezwa kwenye deni, mvua ikinyesha hupunguzwa. Kwa udongo wao tulikubaliana kwamba muwa usiachwe kufikia deni la milimita 60. Na kwa kuwa mzunguko wa mashine huchukua siku nne, iwashwe deni likifika 40, ili hata wa mwisho apate kabla ya kuumia. Wa mwisho alikuwa yule mama, kwa sababu shamba lake ndilo la juu kabisa, na mabomba hubebwa hadi kwake kwa mabega. Yeye mwenyewe alikubali zamu hiyo. Alisema, “Mwalimu akiwa na hesabu yake, mwisho na mwanzo ni mamoja.”

Mwezi wa Januari, mwanangu wa miaka mitatu alishikwa na malaria kali. Nilikaa naye hospitalini siku nne. Mwenzangu wa kituo alikuwa likizo, nami katika fazaa ile sikumwarifu mkubwa wangu wala kumwomba mtu yeyote anisomee vyombo. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwenye beseni, nikijua kwamba jambo lingeweza kuokolewa: hata usiposoma siku nne, maji yaliyobaki hukuambia jumla iliyotoka. Nikalikuta limejaa pomoni. Mlinzi wetu, mtu mwema, aliona maji yakipungua akahofia nitalaumiwa. Basi akayaongeza kwa ndoo, akanipokea kwa tabasamu akitaraji asante.

Kanuni ya kazi yetu ni wazi. Kipimo kisichosomwa huachwa wazi, na sababu huandikwa pembeni. Lakini mimi nilikuwa na usingizi wa siku nne machoni, na nyuma ya ukurasa kulikuwa na siku za mawingu zenye vipimo vidogo, nikaona nisiache pengo. Nikaandika 4, kisha 3.5, kisha 4, kisha 4.5. Mnaona? Sikuandika nne tupu mara nne. Nilizipambazua ili zifanane na ukweli. Katika jambo lote hili, hizo desimali ndizo zinazoniuma zaidi. Kihesabio cha upepo kilikuwa kimejumlisha chenyewe siku zote nne, nami nikainakili namba yake kama ilivyokuwa bila kuifikiria, nikapeleka karatasi ya juma kwa Baba kama kawaida.

Siku zile nne, nikiwa wodini na madirisha yamefungwa, upepo mkavu ulikuwa umevuma kutwa kucha.

Mashine iliwashwa daftari liliposema 40. Baba akanywesha, mzee wa pili akanywesha, na siku ya tatu mashine ikakatika kifaa, wakakingojea kutoka mjini siku tatu. Mabomba yalipofika kwa yule mama, majani ya chini ya miwa yake yalikuwa yamekwisha kukauka, na ya juu yalikuwa yamejikunja kama sigara tangu saa nne ya asubuhi. Kila mtu aliilaumu mashine. Mimi nami niliilaumu mashine.

Jumapili iliyofuata Baba aliniita. Hakuniita “mwanangu” bali “Mwalimu”, nikajua kuna jambo. Alikuwa amevaa miwani, na karatasi zangu za majuma matano, ambazo huzitungika kwenye msumari, alikuwa amezipanga juu ya meza kama mafaili ya kesi.

“Soma hapa. Upepo wa siku hizi nne ni kiasi gani?”

“Kilomita 790, Baba.”

“Na wa siku nne zilizotangulia?”

“Kama 400.”

“Upepo umezidi karibu mara mbili, na sufuria yako imepunguza maji yale yale. Katika kazi yangu, mashahidi wawili wakipingana hivi, mmoja amedanganya.” Akavua miwani. “Upepo haukuwa na mtoto mgonjwa.”

Nilimweleza yote. Hakunikaripia, na laiti angenikaripia. Aliniuliza tu kama ukweli bado waweza kupatikana. Nikamwambia waweza, kwani ndiyo faida ya hesabu ya Penman: hailitegemei beseni. Jioni ile nilimpigia simu mwenzangu wa kituo kingine kisicho mbali, akanisomea joto, unyevu na saa za jua za siku zile. Upepo nilikuwa nao. Nikayafungua majedwali ya McCulloch, nikaketi na taa mpaka usiku wa manane. Nyasi fupi zingetoa milimita 23 kwa siku zile nne. Uongo wangu, ukizidishwa kwa 0.7, ulisema 11. Kwa muwa tofauti ile ilikuwa milimita 15, yaani deni la siku tatu lililofichwa. Mashine iliwashwa deni likiwa 55, na lilipofika kwa yule mama, pamoja na siku za kungojea kifaa, lilikuwa limefika 90 hivi. Mashine iliharibika kweli. Lakini kama ingewashwa siku ile iliyostahili, ingeharibika baada ya yeye kupata maji yake.

Asubuhi nililirekebisha daftari la kituo, nikaandika sababu, nikamwandikia mkubwa wangu. Nilipewa barua ya onyo, nami naihifadhi. Kisha nikapanda mlima kwenda kwa yule mama. Baba alikataa kunisindikiza.

Alikuwa akipepeta maharage. Nilimwamkia, nikasimama, nikamweleza bila kuketi. Alisikiliza mikono ikiendelea na ungo. Nilipomaliza aliuliza, “Mtoto alipona?”

“Alipona, Mama.”

“Tumshukuru Mungu.” Akapepeta tena kidogo. “Mimi nina wawili sekondari. Karo yao imo katika miwa hiyo.”

Sikuwa na la kusema. Nilimwahidi kulipia dizeli ya zamu zake mbili zilizofuata, naye akakubali bila kunishukuru, jambo ambalo lilikuwa haki yake.

Watu wengi hawajui kwamba muwa nao una daftari lake. Ukipata maji ya kutosha, hurefusha pingili zake. Ukiwa na kiu, pingili inayokua wakati huo hubaki fupi, na haitarefuka tena hata ukiumwagia ziwa zima. Wakati wa kuvuna mama yule aliniita shambani kwake. Alichukua muwa mmoja, akauweka magotini, akaupapasa kwa kidole gumba toka chini: ndefu, ndefu, ndefu, kisha mbili fupi zilizokaribiana kama vifundo vya mkono, kisha ndefu tena. Akachukua wa pili. Fupi mbili, mahali pale pale. Kila muwa niliouokota katika shamba lile ulikuwa na Januari yangu ndani yake. Lori lilipopimwa kiwandani alipata tani pungufu kuliko Baba, na karo ya muhula mmoja aliikopa.

Baada ya hapo alitaka kuiona sufuria yenyewe. Alikuja akiwa amevaa gomesi ya kanisani, akaizunguka, akatia kidole majini kabla sijamzuia, akaniuliza maswali ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza. Mojawapo, kwa nini wavu, na kama wavu wenyewe haukingi jua. Nikakiri kwamba hukinga kidogo. Juma lililofuata alikata debe la bati, akaliweka juu ya matofali nyuma ya jiko lake, akapigilia msumari ndani wa kuonyesha kimo. Saa tatu ya asubuhi husoma kwa rula ya mtoto wake wa shule.

Mwanzoni namba zake zilizidi zangu sana, nikamwambia kwamba debe dogo hupata joto zaidi. Akasema hapana, ni kuku. Sasa amelifunika kwa chekeche kuukuu. Juzi alinitumia ujumbe wa simu: “Langu 7. Lako?” Nilikuwa bado niko njiani kuelekea kituoni. Nikamjibu angoje nifike nisome.